Mkonge Uani kwa Hakima

Shemeji yangu Inzoudine, mshonaji wa Mutsamudu, kisiwani Nzwani, aliomba kitu kimoja tu katika ndoa yake: pembe ya ua. Aliiomba mwaka 1980, siku alipoletwa kwetu Badjanani, mjini Moroni, kumwoa dada yangu Hakima. Kwetu Komoro nyumba ni ya mwanamke. Mume huja na nguo zake na adabu zake. Yeye alikuja pia na mche wa mkonge aliouchimbua nyumbani kwa mama yake, kaufunga kwenye gazeti. Mimi, Oumi, mdomo wangu haujui kutulia.

"Wenzako huleta dhahabu, shemeji. Wewe umetuletea miiba."

"Dhahabu haioti, shemeji," akajibu, akacheka.

Ua wetu ni jiwe jeusi la volkano. Mvua Moroni hainyimi, lakini jiwe huimeza yote kabla hujafika jikoni kuchukua ndoo. Mchicha ulitushinda, migomba ilitushinda. Inzoudine aliuacha mche wake kivulini siku sita, kidonda cha shina kikauke, kisha akaupanda kwenye kokoto bila hata tone la maji. "Huu ukiubembeleza sana unaoza," alisema. Nikajua tumeozesha kwa kichaa.

Mkonge ukashika, ukanenepa. Kila mwaka ulitoa machipukizi ubavuni, na kila mwaka aliyang'oa, akayakausha, akawapelekea watu wa Ntsoudjini wazungushie mashamba yao. Hakubakiza hata moja. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Niliomba pembe moja. Ua una mwenyewe." Hawakujaliwa mtoto, na nadhani hilo lilimfanya ajione mgeni zaidi. Miaka kumi na tisa aliishi hivyo, akipita nyumbani kwake kwa tahadhari, na mimi nilidhani ni upole tu.

Kisha kisiwa cha Nzwani kikajitenga. Mwaka 1997 tuliona hayo ni mambo ya wakubwa. Aprili 1999 yakatufikia mlangoni. Mazungumzo ya kuvipatanisha visiwa yalikuwa yameshindikana, na mitaani vijana wakaanza kuwasaka Wanzwani, warudi kwao. Inzoudine alipanda meli na mkoba mmoja, cherehani akaiacha. Hakima aliporudi kutoka bandarini alikaa kizingitini.

"Kaniambia niutazame mkonge," alisema. "Hakuniambia nimngoje."

Simu zilikuwa hazipiti, meli zikawa za kubahatisha. Dada yangu, afanye nini? Akaubembeleza mkonge. Kila alfajiri aliumwagia maji yaliyobaki baada ya kutawadha. Nilimkumbusha maneno ya mumewe, akaninunia siku mbili. Mwisho wa mwaka ukatoa mlingoti mrefu kupita paa, na majani ya chini yakaanza kunyauka. Hapo Hakima akalia. Aliamini ameuua kwa maji, na kwamba Inzoudine akisikia, hatarudi tena, maana chake pekee Moroni kimefia mikononi mwa mkewe.

Jirani yetu Kamardine naye akaja na lake. "Bi Hakima, ule mlingoti uukate. Watu wanasema ni antena, unazungumza na Nzwani."

"Panda basi usikilize," Hakima akamjibu. "Ukiisikia Mutsamudu, niite na mimi. Nina miezi minane sijasikia sauti yake."

Kamardine akatazama viatu vyake, akaenda zake. Hakurudi na maneno yale tena.

Hakima alimpa barua mama mmoja aliyekuwa akienda Nzwani kwa kupitia Mayotte. Jibu lilichukua miezi minne, nami ndiye niliyemsomea, maana macho yake yalikuwa yamejaa.

"Hujaua kitu," aliandika Inzoudine. "Mkonge huchanua mara moja, kisha hufa. Ndivyo ulivyoumbwa. Vitoto vyake viko juu kwenye mlingoti. Vikikomaa vitaanguka vyenyewe. Ukipenda, viokote. Usipopenda, vitupe, ua ni wako. Mimi nipo, nalala barazani kwa dada yangu Chahida. Nyumba ya mama sasa ni yake, na ni haki yake. Huku pia naomba pembe."

Sentensi ile ya mwisho Hakima alinisomesha mara tatu. Ndipo na mimi, mropokaji wa mtaa, nilipoelewa yule mtu alikuwa akiishi vipi katikati yetu, nikaona haya.

Vitoto vilipoanza kuanguka, dada yangu aliviokota kimoja kimoja, akavilaza kivulini siku sita, akavipanda kwenye makopo ya maziwa. Vilipopata mizizi akavihamishia uani. Pembe ilijaa, akaendelea. Mbele ya jiko, chini ya dirisha, mpaka pa kuanikia nguo pakakosekana. Sketi yangu ilichanika mara mbili. Nilinung'unika, lakini kokoto nilimbebea.

Mwaka 2001, baada ya wakubwa kutia saini mapatano yao, Inzoudine alipanda ndege kule Nzwani, uwanja wa Ouani, akaja. Nilikuwa jikoni niliposikia sauti mlangoni, mlango aliouingia miaka kumi na tisa.

"Hodi?"

Hakima alitoka na mikono yenye unga. "Watoto sitini na watatu wanakungoja," alisema, "nawe unapiga hodi?"

Alisimama na mkoba wake akautazama ua. Pale pembeni palikuwa na kisiki kikavu cha mkonge wa mama yake, na kutoka pale miche ilitapakaa hadi miguuni pake. Akachutama, akagusa kokoto ya mche wa karibu.

"Unamwagilia sana," akasema.

"Basi kaa," dada yangu akamwambia, "uwe unanikataza."