Mama na Mbwa wa Fundi

Mama yangu hajawahi kumgusa mbwa. Ni Mwislamu wa Kindu, na kwetu nguo ikiguswa na mate ya mbwa huoshwa kwa udongo na maji kabla ya kuswalia tena. Ndiyo maana mpaka leo nashangaa kwamba ni yeye, si mwingine, aliyemtuliza mbwa wa jirani yetu hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka.

Jirani huyo ni fundi cherehani kutoka Fizi, mzee wa kanisa. Wezi walipomwibia vitambaa, alikwenda mjini Lilongwe akarudi na mbwa mkubwa wa kahawia mwenye sikio lililokatika, akamfunga mnyororo kwenye nguzo ya kibanda chake, kando ya njia ya kwenda kisima cha pampu. Kila aliyepita na ndoo alirukiwa mpaka mnyororo ukamkaba mbwa shingo. Watoto walimrushia mawe. Fundi alimchapa kwa kipande cha mpira ili anyamaze, naye akazidi kuwa mkali.

Kumtuliza, mama alianza kwa kusimama tu. Aliweka ndoo chini kwa mbali, akageuza uso pembeni kama mtu anayemngoja mwenzake. Mbwa alipomtazama bila kubweka, mama alimrushia kichwa cha usipa, wale samaki wadogo wa ziwani, akaenda zake. Kesho yake alisogea kidogo. Mbwa akibweka, mama anarudi nyuma bila neno.

"Mama, ile imbwa itakuluma siku moya," nilimwambia.

"Haiko na ubaya, iko na woga. Mutu mwenye woga, we unamusogelea mbiombio?"

Baadaye, kila mbwa alipojilaza, mama alisema polepole, "Lala," ndipo akarusha samaki. Ikafika wakati neno likatangulia, na mbwa akalifuata.

Kisha mama akaenda Lilongwe kutibiwa jicho, akakaa kwa mama mdogo kule Area 23. Kazi ya mbwa akaniachia mimi. Mbwa alipobweka nilimrushia usipa haraka ili anyamaze, na haikupita wiki akawa ananibwekea toka mbali kabisa. Nikampigia mama simu. Alicheka sana.

"Ni we njo unamufundisha kubweka! Kelele inamuletea samaki, atanyamaza ju ya nini? Ngoja akuwe kimya. Hata kama ni kidogo tu, umupe pale pale."

Asubuhi iliyofuata nilisimama nikangoja. Mbwa alibweka mpaka jua likaanza kuniunguza kisogo. Halafu akanyamaza kidogo, labda ameze mate tu, nami nikarusha. Alimtazama samaki, akanitazama mimi, akamtazama samaki tena. Hakubweka. Akainamisha kichwa upande mmoja, na nilimwona akifikiri. Sijui nisemeje vingine. Nilijisikia kama mtu aliyegonga ukuta akasikia mwenzake akijibu kutoka ng'ambo.

Siku mama aliporudi, alishuka basi barabarani akaja kwa miguu, kitambaa cheupe jichoni, kichwani furushi la vitenge vya soko la Old Town. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya maji. Nikasikia chuma kikikatika. Pete ya mnyororo ilikuwa imelika, na mbwa akachomoka hadi njiani, kipande cha mnyororo kikiburuzika nyuma yake. Watu wakatawanyika. Wengine waliacha ndoo zikamwagika. Mama, kwa lile jicho moja, hakumwona mpaka alipokuwa karibu kabisa.

Hakukimbia. Aligeuza uso pembeni, furushi bado kichwani.

"Lala," alisema.

Mbwa alifunga breki mpaka vumbi likamfunika. Lilipotua alikuwa amelala kifudifudi, mkia ukifagia mchanga. Pale kisimani mshika bomba aliacha kupampu.

Fundi alifika akihema, futi shingoni na ule mpira mkononi.

"Mama, ulimupa dawa gani?"

"Hakuna dawa, papa. Nilimungojea tu. Weka ile mupira chini, anaiangalia."

Tukatazama wote. Kweli, macho ya mbwa yalikuwa kwenye mpira, na masikio yamelala nyuma. Fundi, mtu mzima mwenye mvi, akautazama mkono wake mwenyewe. Kisha akauweka mpira chini. Mbwa akashusha pumzi ndefu, tukaisikia.

Mnyororo haukurudi. Fundi alizungusha ua wa mabua, mbwa akawa huru ndani yake, na mama akamfundisha fundi kungoja. Ilimchukua muda, kwa sababu ni mtu wa haraka. Siku hizi kina mama wanapita na ndoo zao, mbwa anainua kichwa, anawahesabu kwa macho, anakilaza tena. Mimi kila nikifika hapo hupunguza mwendo, nikamtazama kwa pembeni, bila kumkazia macho, nikijiuliza ni mangapi mengine anayoyajua.