Mgomba wa Kubeba Gari

Krismasi iliyopita jirani yetu hapa Kashozi alikuja kutoka Dar na gari lililoshushwa mpaka kuku wa mama yake wakashindwa kupita uvunguni. Asubuhi tairi likawa limeisha upepo. Jeki haikuingia. Akachimba shimo, akaipenyeza, akainua, na jeki ikaanza kuzama kwenye udongo wa mvua. Hakutishika. Aliingia kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani, akakata mmoja, akausukuma chini ya gari uwe nguzo, kisha akalala chali akague na uvungu.

Mama yake akamdaka mguu.

"Toka! Mgomba wenyewe nauegemeza kwa miti usianguke na mkungu wake, wewe unaubebesha gari?"

"Usijali Mama, nimeupima."

"Upimie huku nje."

Alipotoka tu, mgomba ukapasuka, gari likakaa matopeni.

Tukaleta mbao nene, akalipandisha gari juu yake taratibu. Tukazuia matairi kwa mawe, tukaweka jeki juu ya ubao mgumu, ikaingia bila ugomvi.

Jioni akarusha picha mtandaoni, ameliegemea gari, na maneno: "Fundi ni mimi mwenyewe." Mgomba haukuonekana pichani, wala aliyemvuta mguu.