Mpemba kwenye Paji la Ng'ombe

Nilikuwa mtoto wa kutumwatumwa, meno ya mbele yameng'oka, wakati mzungu mpya alipokuja kusimamia shamba la ng'ombe karibu na Kamina. Alikata miti ya malisho, eti majani yapate jua. Majani yalilipata, ng'ombe nao wakalipata. Mchana walisimama ndimi nje, maziwa yakashuka.

Ulibaki muyombo mmoja, mti wa wafu wetu. Hakuna mfanyakazi aliyekubali kuugusa. Mzungu akatucheka, akauzungushia waya, ng'ombe wasilale kivulini badala ya kula. Kambo, mama ya baba yangu, alikuwa ametuonya: anayeingia pale bila kujipaka mpemba, ule udongo mweupe, na bila kupiga makofi, hatoki mzima.

Jioni moja mzungu alimwita baba, mkamuaji wake. "Ni weye njo unakunywa maziwa yangu. Kesho ndoo isipopanda, fimbo, halafu unatoka."

Asubuhi baba aliniambia, "Mzungu akilala saa sita, fungua waya, ingiza ng'ombe kwa muyombo. Miye nikiondoka, watanitafuta. Weye hapana."

"Na wafu, tata?" nikamwuliza baba.

"Wafu hawana fimbo."

Rahisi kusema, ukiwa huendi wewe.

Niliiba mpemba ya kambo, nikajipaka mpaka kope. Nilipofungua waya nilibaki nimeushika. Ndani ya kivuli kitu kilikuwa kinapumua nyuma ya shina. Nilijikojolea, sioni haya kusema. Kumbe ng'ombe mzee alikuwa amenipita! Nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Halafu nikawaza: na hawa, wafu watawaachaje? Nikawapaka wote mpemba kwenye paji.

Hilo njo kosa langu. Jioni mzungu aliwaona.

"Nani amefanya dawa hii?"

Nilijificha nyuma ya baba, nimeshika mguu wake. Lakini ndoo ilikuwa imepita ya jana kwa vidole vinne. Mzungu akatazama ndoo, akatazama mapaji, akarudi kwenye ndoo.

"Kesho pakeni tena."

Baba hakuwa mjinga. "Ndiyo, Bwana. Lakini dawa hii kwa jua inakufa. Inataka kivuli."

Waya ukaondolewa.

Kambo alisema wafu walitusikia. Mimi nimefuga tangu hapo, najua ng'ombe aliyepoa ndiye anayetoa maziwa. Mzungu aliyetucheka kwa kuogopa mti aliamini udongo. Lakini baba aliingia kaburini mgongo wake hauna alama ya fimbo. Nikipita penye muyombo napiga makofi. Anayecheka, acheke.