Moto wa Hamisi

Nilipokuwa msichana wa miaka kumi nilikabidhiwa moto. Tangu hapo nimezaa, nimeuguza, nimeshika funguo za ofisi za watu, lakini mzigo kama ule sijaubeba tena, na wala siutaki.

Ulikuwa moto wa mdogo wangu Hamisi. Kwetu huku juu Newala, katika ukoo wetu, mtoto wa kiume akipelekwa likumbi, yaani banda la jando huko porini, nyumbani kwao huwashwa moto siku hiyohiyo, na haupaswi kuzimika mpaka arudi. Ukizimika, kidonda chake hakiponi. Jirani haombi kaa pale, watu hawagombani mbele yake, na kubwa kuliko yote, mama mzazi haugusi. Bibi alisema mwanamke aliye kwenye ndoa ana joto lake, na joto hilo likikutana na moto wa mtoto, mtoto anaungua hukohuko aliko. Kwa hiyo wanaoulinda ni mwanamke mzee aliyekoma kuzaa na binti ambaye bado hajavunja ungo. Nyumbani kwetu tulikuwa Bibi mzaa mama, na mimi, Somoe.

Na Bibi huyo alikuwa mkali, jamani! Shikamoo yako ikichelewa kidogo anakuuliza umeamka na njaa au umeamka na kiburi. Uongo aliunusa kabla hujaumaliza kuusema. Mwaka ule ukali ulizidi kwa sababu ya jambo moja: zamani jando lilikuwa la kiangazi, baada ya mavuno, nchi imekauka. Lakini shule zilitaka watoto darasani, na tena wanunuzi binafsi wa korosho walikuwa wameanza kupandisha malori yao mpaka kijijini, kila nyumba ikapata cha kufanyia sherehe mwisho wa mwaka. Wanaume wakapatana iwe Desemba, wakati wa likizo. Bibi akawaambia palepale kwenye kikao, "Mnawapeleka watoto kwenye mvua. Kidonda na mvua havipatani." Wakaitikia kwa adabu, wakaendelea na yao.

Siku ya sita tangu Hamisi aondoke, Baba akiwa kwenye shughuli zake Masasi, hewa ilinata tangu asubuhi. Kuku waliingia bandani mchana kweupe. Upande wa bondeni kukatanda wingu la rangi ya kijani, na Bibi alipoliona aliingia jikoni, ulikokuwa moto, akaongeza kuni. Mama yeye alifurahi. Kwetu maji ni ya kukinga mvua, la sivyo unashuka bondeni na kupanda na ndoo kichwani mpaka shingo ikuume. Akapanga ndoo na masufuria chini ya bati la nyumba kubwa, bati ambalo Baba alikuwa ameliezeka mwaka uleule.

Jiwe la kwanza liligonga sufuria. Nikadhani ni watoto watundu. La pili likanigonga begani, jeupe, baridi, kubwa kama korosho na ganda lake, na kabla sijaliokota mbingu ikamwaga yote. Mungu wangu! Nilikuwa nimewahi kusikia mvua ya mawe ikitajwa, sikujua inafanana na hasira. Mama akakimbilia nyumba kubwa. Mimi nikakimbilia jikoni kwa Bibi, kwenye moto.

Paa la jiko lilikuwa la nyasi. Kwa muda lilivumilia, kisha mawe yakaanza kupenya, moja hapa, moja pale, na kila lililoanguka karibu na mafiga Bibi alilisukuma kwa mguu. Maji yakafuata. Bibi akauinamia moto, mgongo wake ukawa ndio paa. Nikamsikia akihema. Ukuta wa nyuma ukaanza kumeguka udongo.

"Somoe, lete kigae," alisema. "Huu moto unahamia nyumba kubwa."

"Twende wote, Bibi."

"Nyonga yangu hii itakimbia? Nenda!"

Akanipakilia makaa matatu kwenye kigae cha chungu, akayafunika kwa kigae kingine. Kutoka jikoni mpaka mlango wa nyumba kubwa ni hatua ishirini, nilizihesabu baadaye mara nyingi. Uwanja wote ulikuwa mweupe. Mawe yalinipiga kisogoni nikawa nalia huku nakimbia, na nusu ya njia mguu ukateleza juu ya barafu, nikaenda chini na moto wangu.

Vigae vilivunjika. Makaa mawili yakalia chwii, yakawa meusi palepale. La tatu likabingirika likasimama kwenye barafu likitoa mvuke, na mimi nikalitazama tu, mjinga mimi, mikono imekufa ganzi, nikijua kwamba Hamisi anakufa mbele ya macho yangu.

Mama alitoka mlangoni mbio. Hakutafuta koleo, hakutafuta kijiti. Alilichukua lile kaa kwa mkono wa kulia, akalifumbata, akarudi nalo ndani. Nilipoingia alikuwa amepiga magoti, amelitia kwenye maganda ya korosho makavu na analipuliza. Maganda ya korosho yana mafuta, yakashika. Moto ukawaka.

Hapo ndipo tulipotazamana. Bati lilikuwa linapigwa hata ungepiga kelele usingesikika, kwa hiyo hakusema neno. Lakini uso wake niliuelewa. Nilikuwa sijawahi kuona mtu mzima akiniogopa.

Kisha akafunga mkono ndani ya kanga na kutoka tena kumfuata Bibi. Walirudi Bibi akiwa mgongoni kwake, na hawajafika hata kizingitini paa la jiko likalala chini. Bibi aliposhushwa hakuuliza habari ya jiko. Alitazama moto.

"Nilikuona unaanguka," akaniambia, mawe yalipopungua kidogo.

"Nilianguka, Bibi. Moja likapona. Nikaliokota."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa mkono."

"Lete huo mkono."

Nikampa. Ulikuwa na tope na baridi, hauna hata alama. Aliushika muda mrefu, akaugeuza. Mama alikuwa amesimama nyuma yake, mkono umo kwenye kanga. Bibi hakugeuka kumtazama. "Sogea motoni, umelowa," akasema. Usiku ule sikulala kwa woga. Nilijua anajua.

Asubuhi tukamwona Mjomba, kaka yake Mama, anakuja kwa haraka kwenye njia ya mikorosho. Mjomba ndiye aliyekuwa likumbi kumwangalia Hamisi, na mtu wa likumbi haji nyumbani hivihivi. Mama akashika nguzo. Bibi akaita, "Somoe, lete mkono." Nikajua leo naunguzwa. Badala yake akachana pindo la kaniki yake, akaupaka mkono wangu mzima majivu na mafuta ya ufuta, akaufunga kwa nguvu mpaka kwenye vidole. Kibakuli cha mafuta yaliyobaki akakisukuma kwa mguu kuelekea alipokuwa Mama.

Mjomba alipiga hodi, akamwamkia Bibi, akaketi. Banda la jando lilikuwa limeanguka. Wanaume waliwafunika watoto kwa miili yao, wote wazima. "Ila Hamisi homa ilimpanda usiku," alisema, "na kidonda kimevimba. Ngariba amenituma. Anauliza, moto wa nyumba hii uliguswa na nani?"

Kama jibu lingekuwa Mama, angeimbwa kwenye ngoma ya kuwatoa watoto, mama aliyemuunguza mwanawe mwenyewe, na wimbo wa namna hiyo haumwachi mtu mpaka kaburini. Hata hivyo alifungua kinywa. "Kaka, ni mimi..."

"Wewe ulikuwa umenibeba mimi mgongoni, ungegusa moto saa ngapi?" Bibi akamkata. "Moto ulianguka, mtoto akauokota. Tazama mkono wake."

Mjomba akaushika mkono wangu taratibu. Nikaangua kilio, na kilio kile hakikuwa cha kuigiza.

"Pole, mama," akaniambia. Akafikiri. "Mtoto hana joto. Basi si moto. Ni mvua."

Akaondoka vile alivyokuja. Na kwa kuwa ilikuwa mvua na si moto, hawakukaa kumtafuta mkosaji wala dawa ya kumtakasa, kazi ambayo ingekula siku tatu au nne. Walimpakia Hamisi kwenye baiskeli siku ileile, wakampeleka hospitali ya misheni, akachomwa sindano. Alirudi nyumbani baada ya wenzake, mwembamba, anadai wali.

Nikisimulia habari hii, wenzangu waliosoma hucheka na kusema, bibi yako alikuwa mjanja, mambo hayo hakuyaamini. Hapana. Aliyaamini kuliko sisi sote. Siku zote zilizobaki aliulinda ule moto vilevile, na alfajiri moja nilimsikia akisema nao, kwa sauti ya mtu anayejitaja mbele ya wazee wa ukoo waliokufa: "Mwenye uongo ni mimi. Binti yangu muacheni. Mtoto muacheni. Mkija, njooni kwangu."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila alipougua, hata mafua tu, alijilaza akageukia ukutani na kunyamaza, akingoja. Hakuuliza hata mara moja ni ugonjwa gani.