Mkata Fensi na Ndege wa Bustani

Yule mkata fensi wa bustani ya Kericho zamani alikuwa mchuma majani chai, basi kila kichaka alikilaza sawa kama meza. Kutoka Londiani hadi Sotik hakuna kichwa cha mtoto kilichonyolewa hivyo. Akimaliza hupapasa kwa kiganja na kuguna. Kila asubuhi aliegemea panga amsikilize ndege wake mwenye kifua cha rangi ya chungwa, aliyeimba kwenye tawi moja refu akimwonya ndege jirani wa upande wa choo asivuke. Jumatatu moja mkata fensi akasahau, akalinyoa na lile tawi. Ndege akanyamaza. Jirani akavuka, akaimba pale pale kwa madharau.

“Mzee, umemnyang'anya mwenzako shamba!” Dorcus wa mandazi akamcheka.

Mkata fensi akaenda nyumbani, akarudi na ile fimbo ndefu ambayo wachumaji hulaza juu ya michai wasipite kipimo, akaichomeka wima kwenye fensi, akavua kofia kama yuko kanisani. Ndege akaja. Akatua juu ya fimbo, akaimba mpaka mkia ukatetemeka, na jirani akarudi kwake chooni. Mkata fensi akaketi nyasini pwaa.

“Dorcus, leta chai,” akasema. “Mwenye shamba amerudi.”