Prayong na Mti Ulioponzwa na Jina

Jua halijachomoza vizuri na kandokando ya Mfereji wa Kumi na Tano, Ongkharak, wauza miche bado wanakunja maturubai. Prayong Saengkhlai ameshainama. Hatazami maua. Anakiinua kichaka cha bogenvilia kilichosheheni rangi, anakigeuza, anachungulia chini ya mfuko, kisha anakirudisha palepale.

"Mizizi imezunguka kama tambi kwenye bakuli," anamwambia muuzaji. "Hiki kimezeekea mfukoni."

"Jamani Shangazi! Hujanunua hata jani na umeshanitukania mali."

"Nikununulie maua ya wiki moja, halafu mwenye nyumba anipigie simu analia? Nipe kile cha nyuma kule, kisicho na ua."

"Hicho kibaya."

"Kibaya kama mimi. Lete."

Prayong ana umri wa miaka sitini na mitatu. Kazi yake ni kuwachagulia watu miti na vichaka vya mapambo na kuvipanda nyumbani kwao. Siku yenye kazi hubaki na baht mia tano mkononi. Mvua ikishika wiki nzima, habaki na kitu.

Anachagua kwa macho na kwa mikono, halafu anachagua kwa sikio. Mti wa mayom, wenye matunda madogo machachu, huupanda mbele ya nyumba, kwa kuwa kwa lugha ya kwao jina lake linasikika kama neno la kupendwa na watu. Mfenesi huuweka nyuma, kwa sababu jina lake, khanun, lina sauti ya neno la kuegemezwa, ili mwenye nyumba asikose wa kumshika mkono siku akiyumba.

"Mteja hununua mti pamoja na jina lake," anasema. "Ukikosea jina, hata upande vizuri namna gani, utaitwa urudi kung'oa."

Upo mti mmoja ambao kwa miaka mingi hakuna aliyeutaka nyumbani. Ni lanthom, ule wenye matawi manene kama vidole vilivyovimba, maua meupe yenye moyo wa njano, na utomvu kama maziwa ukiuchubua. Jina lake liko karibu mno na rathom, yaani majonzi. Basi uliachiwa mahekalu, karibu na matanuri ya kuchomea maiti.

Baadaye wenye bustani waliupa jina jipya, lilawadi, na hoteli zikaanza kuugombania. Mti mkubwa ambao zamani mtu alilipwa ili auondoe, sasa sokoni hauguswi chini ya baht elfu thelathini. Prayong ameupanda mara nyingi asizoweza kuzikumbuka, kando ya mabwawa ya kuogelea na malango ya matajiri.

"Mti ni uleule," anasema, akisugua viganja vyake kama mtu anayetoa kitu kinachonata. "Ningengoja kidogo tu, jina lingebadilika."

Mumewe, Bunloet, alikuwa mchimbaji wa miti mikubwa. Mwaka waliooana alirudi na tawi la lanthom alilolipata hekaluni, mafundi walipokuwa wakitengeneza paa. Akalichomeka nyuma ya nyumba, karibu na jiwe la kufulia.

"Nikamwambia, we mwanamume, umeniletea majonzi badala ya pete? Akasema, mimi nimeutazama vizuri, hauna majonzi, una maziwa tu."

Tawi likashika, likawa mti. Kila asubuhi uliangusha maua mazimamazima, na kila asubuhi Prayong aliyafagia kabla majirani hawajapita. Bunloet alimwomba ayaache. Hakuyaacha.

"Nilikuwa nafagia kwa hasira," anasema. "Naye anapita nyuma yangu, anaokota moja, anajichomeka sikioni, anajitia msichana. Sikumchekea hata siku moja. Nilikuwa naona haya watu watasemaje."

Kisha figo za Bunloet zikashindwa. Alipolazwa, majirani walikuja mmoja mmoja, na mama yake Prayong mwenyewe akaja: unangoja nini na mti ule? Unataka uendelee kumwitia kifo?

Prayong akaenda nyuma na panga. Matawi akayatupa mferejini. Kisiki akakitia chumvi kisichipue.

"Nilidhani nimemwokoa. Siku hiyo nilikwenda hospitali na nguvu zangu zote, nikamwambia sasa utapona, nina hakika."

Bunloet alikuwa mpenda vitendawili. Alivitega akiwa juu ya mti, alivitega akila. Siku hiyo, akiwa na mpira wa dripu mkononi, alimtegea mkewe kimoja.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Bibi yangu kila asubuhi humwaga vikombe vyake uani, wala havivunjiki."

Prayong alilijua jibu. Utomvu wa mti ule ulikuwa bado unanata vidoleni mwake. Akasema ameshindwa.

"Umeshindwa? Wewe? Basi nipe mji."

"Chukua Ayutthaya."

"Ayutthaya nitaifanyia nini mimi? Sitaki."

"Basi chukua Chiang Mai, kuna baridi nzuri."

"Sitaki miji yako. Nipe uani kwangu."

Hatimaye madaktari walimrudisha nyumbani, kwa kuwa hawakuwa na jingine la kumfanyia. Akaomba mkeka wake utandikwe kwenye mlango wa nyuma. Akakaa pale, akatazama jiwe la kufulia na mahali penye uwazi kando yake. "Umeukata?" akauliza. Prayong akasema ndiyo. "Haya," akasema, akaomba maji. Alifariki kabla msimu wa baridi haujaisha, na hakumtegea tena kitendawili.

"Angenigombeza ningejua la kufanya," anasema Prayong. "Ile *haya* yake ndiyo ninayoamka nayo."

Tangu hapo hakupanda kitu mahali pale. Aliwapandia watu wengine nyuani mwao miaka yote hiyo, lakini nyuma ya nyumba yake palikuwa na jiwe na ndoo tu.

Mwezi uliopita aliitwa mjini Rangsit kupanga bustani mpya. Nyumba ilikuwa imenunuliwa na Orathai, mfanyakazi wa benki, kutoka kwa warithi wa mwalimu mmoja mstaafu. Ilikuwa imekaa bila mtu kwa muda mrefu. Orathai ni mjamzito, baada ya mimba mbili kuharibika, na mama yake, Mama Sangwian, amehamia hapo kumwangalia.

Prayong alikwenda na shemeji yake, Ket, mdogo wake Bunloet, ambaye ndiye humchimbia mashimo. Langoni Ket akasimama ghafla.

"Shemeji, hapa nimewahi kuja. Nilikuja na kaka."

"Kufanya nini? Kuiba kuku?"

"Kupanda. Mwalimu alitaka mti wa kivuli, hakujali mambo ya majina. Kaka akamletea tawi. Alilikata kwenye mti wenu. Ule wa jiweni."

Prayong anasema hakumngoja amalize. Alipita pembeni mwa nyumba mbio. Lanthom ulikuwa nyuma ya jiko, umepita paa. Maua yalikuwa yametapakaa chini yake, mapya juu ya makavu, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kufagia.

Hata hajaugusa, Mama Sangwian akatokea mlangoni, mkono kiunoni.

"Anza na huo. Ukatwe, uchomwe, leo hii. Mjukuu wangu hazaliwi mlangoni kwa majonzi."

"Mama, siku hizi unaitwa lilawadi," Orathai akasema kwa upole. "Hotelini watu wanaulipia pesa nyingi."

"Na mimi nikijiita Mrembo wa Dunia, magoti yataacha kuuma?"

Ket akacheka mpaka msumeno ukamtikisika mkononi. Prayong hakucheka. Alikuwa akiutazama mkono wa pili wa yule mama, uliokuwa mgongoni kwa binti yake, unapapasa polepole bila mwenyewe kujua.

"Ningeweza kumwambia mti hauna kosa," anasema. "Lakini woga ule naujua, nimeubeba. Mtu akiwa nao humwambii kitu. Ningebishana naye, angengoja niondoke, amwite mwingine mwenye panga."

Basi akauliza jambo moja.

"Mama, nikiuondoa mzima, nisiache hata jani, utaridhika?"

"Uupeleke wapi?"

"Kwangu."

"Kwako! Kwani wewe huogopi kulia?"

"Nimeshalia, Mama. Wangu niliukata kwanza, na nikalia vilevile."

Mama Sangwian akaushusha mkono wa kiunoni. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kuliko ya mwanzo, "Langoni usipite. Uutolee nyuma."

Mti wa ukubwa ule huchimbwa kwa hatua. Huzungukwa upande mmoja kwanza, ukaachwa wiki kadhaa utoe mizizi midogo, ndipo ukamalizwa upande wa pili. Prayong hakupewa wiki. Walichimba kutwa nzima, wakalifunga bonge la udongo kwa magunia na kamba, wakapunguza matawi, na lori lenye kreni likaupitisha juu ya ukuta wa nyuma. Gharama ya lori ilimeza ujira wake wote wa bustani ile.

"Kaka angekuwepo angejikojolea," Ket akasema, akiutazama ukining'inia hewani. "Mti wake unaruka ukuta kama mwizi."

Ukuta ulikuwa mrefu kuliko walivyokadiria. Bonge la udongo liligonga ukingoni, likapasuka upande mmoja, na mizizi ikachanika. Prayong aliisikia sauti yake. Anasema ilikuwa kama nguo mpya ikichanika.

Mahali palipobaki shimo alipanda kichaka cha kaeo, chenye maua meupe madogo yanayonukia jioni. Alipanua shimo, akatoa vipande vya matofali vilivyozikwa na wajenzi, akachanganya samadi na makapi ya mpunga, akakipandisha juu kidogo ili shina lisikae majini. Mama Sangwian alisimama akisimamia kila koleo.

"Huu unaitwa nani?"

"Kaeo, Mama. Kama kito."

"Huu sawa," akasema. "Huu una jina la mtoto." Jioni, Prayong alipokuwa akiosha miguu aondoke, yule mama alimletea mfuko wa wali na samaki wa kukaanga. Alimshika kiwiko tu, akaingia ndani.

Leo mti wa Bunloet umesimama kando ya jiwe la kufulia, juu ya kichuguu cha udongo, umeegemezwa kwa mianzi. Hauna jani hata moja. Mvua imekuwa nyingi, na lanthom haupendi maji miguuni. Kila akirudi kazini, kabla hajavua kofia, Prayong huubonyeza shina kwa kidole gumba, kutoka chini kwenda juu. Pagumu pana uhai. Palipobonyea pameoza.

Wiki iliyopita alipata mahali palipobonyea, upande ule uliochanika. Alipachimbua kwa kisu mpaka akakuta weupe, akapapaka chokaa nyekundu ya tambuu ili pakauke.

Jirani anayepita na kikapu cha mboga anachungulia juu ya ua.

"Prayong! Umerudisha majonzi nyumbani?"

"Hayakuwa yameondoka, dada. Nimeyaletea kivuli."

"Kivuli kipi, na kigongo chenyewe hakina jani?"

"Ndiyo hivyo, mimi nao tuna upara wote wawili. Wewe pita na mboga zako."

Jirani anacheka, anapita. Prayong anabaki ameshika mwanzi mmojawapo, kama mtu aliyeshika nguzo ya kitanda cha mgonjwa.

Hana hakika kama utashika. Angeulizwa na mteja kuhusu mti uliochimbwa hivi, anasema, angemwambia ukweli: usitumaini sana. Chini ya upenu wa jiko ametundika matawi matatu aliyoyakata kutoka juu yake, yanakauka yalipokatwa, ili yachomekwe mti mkubwa ukifa. Lakini tawi, anasema, lingechukua miaka kufika ulikofika ule wa kwanza, na yeye miaka hiyo hana uhakika nayo.

Ket, aliyekaa kizingitini akinoa jembe, anadakia. "Na ukishika, shemeji? Ukichanua? Utampelekea kaka maua hekaluni?" Majivu ya Bunloet yamo kwenye ukuta wa hekalu, upande wa pili wa mfereji.

Prayong analitazama lile shina tupu.

"Hata moja silipeleki," anasema. "Aliomba uani, mimi nikampa Ayutthaya. Yakianguka yatakaa hapohapo yalipoanguka."

Anainama, anaokota ufagio uliokuwa umeegemezwa kwenye jiwe la kufulia, anautazama, na kumrushia Ket magotini.

"Peleka kwako huo."