Rehani na Kamera Iliayo Kama Bunduki

Saa mbili asubuhi, Jumatatu. Nyuma ya duka la Taherali, mjini Morogoro, Rehani ameketi juu ya sanduku tupu. Ameyapa mgongo macho mawili ya kioo: kamera kubwa na kamera ndogo, kila moja imesimama juu ya miguu yake mitatu. Yeye mwenyewe amefumba macho. Mkewe, Furaha, anabonyeza mpira wa kupigia picha wa kamera moja.

Kla!

"Kubwa," anasema Rehani.

Furaha anabonyeza mpira wa pili. Hapa lazima utege sikio. Ni sauti ndogo, kama mtu anavyovunja njiti ya kiberiti ndani ya ngumi.

"Ndogo."

"Hata kuku wanajua," anasema Furaha. "Hiyo kubwa ikilia wanakimbia. Tutafanya hivi mpaka adhuhuri?"

"Mpaka nijue kelele inatoka wapi."

Rehani ana miaka arobaini na mitatu. Ndiye mpiga picha wa duka hili, kwa mshahara wa rupia kumi na nne kwa mwezi. Mwezi huu kazi hiyo inataka kumponyoka, na kinachoiponyosha ni sauti.

Kamera ndogo imeuzwa. Bwana mmoja wa Tabora ameshailipia, nayo inaondoka kwa treni ya Alhamisi. Ndani yake mna vibati vyembamba vinavyofunguka na kujifumba kama jicho. Kamera kubwa, itakayobaki, ina pazia la kitambaa linalovutwa na springi. Likishuka, hugonga mbao.

Wateja wa mjini huicheka sauti hiyo. Wateja wanaoshuka kutoka milima ya Uluguru hawacheki. Ni miaka saba tu tangu Vita vya Maji Maji, na wengine wao walisikia komeo la bunduki likivutwa kabla ya kusikia risasi. Kamera ikilia, wanafumba macho na kuinamisha kichwa. Picha ya macho yaliyofumbwa hawaitaki. Wanasema ni ya maiti, wanadai rupia yao na kwenda zao.

Mwezi huu wameondoka hivyo watu kumi na mmoja. Taherali, mwenye duka, hakuficha neno: mambo yakiendelea hivi, chumba cha picha kitakuwa ghala la chumvi.

"Mimi sina ugomvi na Rehani," anasema. "Lakini chumvi haifumbi macho."

Rehani hawalaumu wateja. Alikuwa mpagazi kwa miaka tisa, na minne kati ya hiyo alibeba masanduku ya mpiga picha mmoja Mzungu. Kazi aliijulia hapo, kwa kutazama.

"Kambini nililala karibu na bunduki," anasema. "Sauti hii hata mimi hunishtua, na mpira uko mkononi mwangu."

Amejaribu dawa. Wiki iliyopita alishindilia vitambaa ndani ya kamera kubwa ili pazia lisigonge mbao. Kelele ilipungua kweli, lakini pazia nalo likawa linashuka kwa uvivu. Mteja wa kwanza alikuwa Yunusi, fundi cherehani wa jirani, mtu asiyejua kutulia. Picha ilipotoka, Yunusi aliitazama kwa muda mrefu.

"Bwana Rehani," akasema, "hii pua ya kwanza naijua. Ya pili ni ya nani?"

Vitambaa vikatolewa.

Siku mbili baada ya jaribio la Jumatatu, Jumatano asubuhi, aliingia Mwaisha, mama mtu mzima kutoka Matombo, pamoja na binti yake, Pili. Mume wa Pili amepata kazi ya reli Tabora, naye Pili alikuwa anamfuata kesho yake, kwa treni ileile ya Alhamisi. Alitaka sura ya mama yake aende nayo.

"Sijui nitamwona tena lini," alisema Pili. "Nataka anitazame."

Rehani aliomba atumie kamera ndogo, mara moja tu. Taherali alikataa. "Kitu kilicholipiwa si changu," alisema. "Nacho kimeshafungwa kwenye sanduku." Akampa vioo vitatu vya kunasia picha vya kamera kubwa, basi.

Rehani aliingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi, akaipanga sura, akatoka mbio, akabonyeza. Kla! Mwaisha akafumba macho na kujikunyata. Kioo cha pili, vivyo hivyo. Pili akageukia ukuta.

Kikabaki kioo kimoja. Rehani alikuwa ameshakiweka, jasho linamtoka, mpira mkononi, mama mtu mzima alipomkemea.

"We baba! Tangu nimeingia humu unaingiza kichwa kwenye nguo na kukitoa, kama kobe. Mimi nina umri wa mama yako. Mbona hujaniamkia?"

Ilikuwa kweli. Kwa kuhangaika na kelele, Rehani alikuwa amesahau jambo ambalo hata mtoto mdogo hasahau. Akasogea kando ya kamera, akainama.

"Shikamoo, mama. Unisamehe."

Mwaisha akainua uso, macho yakatulia. "Marahaba, mwanangu! Hujambo?"

Rehani akabonyeza mpira. Kla! Mwaisha alikuwa bado anangoja jibu.

"Sijambo, mama."

"Haya. Sasa piga hiyo picha yako, nimechoka kukaa."

"Nimeshapiga, mama."

"Lini?"

Furaha alikimbiza kioo kwenye chumba cha giza. Taherali alijifanya anapanga sabuni. Kisha sauti ya Furaha ikatoka nyuma ya pazia.

"Yako wazi! Macho yote mawili yako wazi!"

Pili alikaa chini sakafuni akacheka huku analia. Taherali naye alikaa, juu ya gunia la chumvi, akajifuta uso kwa kofia yake.

Katika picha, midomo ya Mwaisha imefunguka kidogo. Taherali aliona hiyo ni kasoro. Pili akamkatalia. "Ndivyo alivyo akiniitikia," alisema.

Leo, Alhamisi, treni imeondoka na kamera ndogo, na Pili, na picha ndani ya kanga. Tangu jana mchana wamekuja watu wanne wa milimani, na wote wametoka macho wazi. Wazee Rehani huwaamkia mwenyewe. Vijana huwaambia wamwamkie yeye, na hubonyeza neno likiwa bado midomoni mwao. Habari ya ghala la chumvi haitajwi tena.

Mvua zikiisha, anataka kuipandisha kamera kubwa hadi Matombo, awapige picha wazee wasioweza kushuka. Ameshapata wapagazi wawili.

"Mimi sibebi kitu," anasema. "Nimeshabeba vya kutosha. Safari hii nitatangulia mikono mitupu, nikiamkia watu."